Wakaguzi waulize pia malengo ya mauzo

Ndugu Mhariri,

Mimi ni mfamasia katika tawi la kampuni yenye maduka kadhaa ya dawa hapa Dar es Salaam. Watu wakituona na makoti meupe nyuma ya kioo, kiyoyozi kikipuliza, hudhani tumekaa. Kiti tunacho kimoja, cha mtunza fedha.

Lakini miguu si shida yangu leo. Kila mwezi unapoanza, tawi hupangiwa kiasi cha mauzo, nacho hugawanywa kwa zamu. Usiku, hesabu zikishafungwa, matawi hupangwa kwenye grupu la WhatsApp kama msimamo wa ligi, na walio mkiani huulizwa mbele ya wenzao, “Kulikoni, mmelala?” Lipo pia agizo kwamba mteja asitoke na kitu kimoja: aliyefuata parasetamo aonyeshwe na vitamini. Dawa zinazokaribia kuisha muda nazo zina orodha yake, imebandikwa upande wa kaunta asiouona mteja.

Kwa losheni na dawa za meno sina ugomvi. Pango lazima lilipwe, na mishahara yetu inatoka humohumo. Ugomvi wangu ni kwamba lengo halitofautishi losheni na antibaiotiki; zote zinaingia kwenye jumla moja.

Anaingia kijana: “Daktari, nipe zile za rangi mbili, nne tu, koo linaniwasha.” (Udaktari huu tumepewa na wateja, hatukuuomba.) Cheti cha daktari hana, na dawa anayoitaka ni ya cheti. Ukimuuliza, ana mafua na kikohozi chepesi, hana homa. Koo la namna hiyo mara nyingi ni virusi, na antibaiotiki haiui virusi. Hata kama ingekuwa inamfaa, vidonge vinne kwa dawa inayomezwa mara tatu kwa siku vinakwisha kesho asubuhi. Kumwelewesha kunataka muda, na nyuma yake kuna foleni, mmoja anagonga kioo kwa sarafu. Nikimnyima, anavuka barabara na kuuziwa. Jioni kompyuta haina pa kuandika kwamba nilimkatalia mtu kwa sababu za msingi, ila aliyemuuzia amepanda kwenye msimamo.

Au mama mwenye mtoto mgonjwa na cheti chake halali. Dawa ya mtoto inakuja ikiwa unga ndani ya chupa. Inatakiwa maji yaliyochemshwa yakapoa, utie kidogo, utikise, usubiri povu lishuke, uongeze hadi kwenye alama. Ikishachanganywa, nyingi mwisho wake ni siku saba, kilichobaki kimwagwe. Nimeshakutana na akina mama wengi waliohifadhi nusu chupa ya mwezi uliopita kwa ajili ya mdogo wa yule aliyeugua. Kueleza hayo hakuongezi hata shilingi kwenye mauzo, na ndiyo kazi niliyoisomea.

Fomu ya bima ikirudishwa kwa saini iliyosahaulika, anayekatwa mshahara ni aliyehudumia. Shoti ya kaunta, yaani pesa zikipungua, hali kadhalika. Mtoa dawa wa mshahara mdogo akishakatwa mara moja, hana ubavu wa kumrudisha mteja mwenye pesa mkononi.

Simwambii mtu ayakimbie maduka haya. Friji yetu inasomwa kipimajoto asubuhi na jioni, insulini inakaa kati ya nyuzi 2 na 8, umeme ukikatika jenereta inawaka. Kila boksi lina risiti ya msambazaji.

Hayo ndiyo wakaguzi wanayoyakagua: usajili wa duka, cheti cha mfamasia ukutani, rejesta, friji. Sijawahi kumsikia hata mmoja akiuliza, “Lengo lenu la mwezi huu ni kiasi gani, na asiyelifikia anafanywa nini?” Nchi ina mpango kazi wa kupambana na usugu wa vimelea dhidi ya dawa, wa 2023 hadi 2028, na kila Novemba tuna wiki ya kuwahimiza wananchi wasinunue antibaiotiki kiholela. Mwananchi anahimizwa asinunue, muuzaji anahimizwa auze zaidi.

Naliomba Baraza la Famasi, lililopewa meno na Sheria ya Famasi ya 2011, lizuie dawa za cheti kuingizwa kwenye malengo na bonasi za watoa dawa, na mkaguzi akifika tawini aombe kuonyeshwa malengo hayo kama anavyoomba rejesta. Kwa kampuni si gharama kubwa. Kwenye programu yetu ya mauzo dawa za cheti tayari zina alama yake. Ni kuziondoa tu kwenye ripoti ya usiku.

Mfamasia wa zamu,
Dar es Salaam
(Jina limehifadhiwa)