Mchoro wa jiji la kesho umemsahau mzibua mtaro

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye safu yako niseme na wahandisi wa ujenzi, hasa vijana wanaochora Dar es Salaam ya mwaka 2050. Picha zao zinatufikia kwenye simu karibu kila wiki: maghorofa ya vioo, treni inapita juu ya bustani, barabara haina hata ganda la muwa, na kando yake mtu mmoja anatembeza mbwa. Huyo mbwa ndiye anayenishtua. Kwa hapa Dar, mbwa wa kutembezwa jioni kwa kamba utamkuta Masaki na Oysterbay, na huko hakuhitaji kuchorwa upya.

Sizibezi ndoto. Kazi ya mhandisi ni kuona mbali, maana daraja analolichora leo watalivuka wajukuu wa wajukuu zetu. Chama cha wahandisi wa ujenzi cha Marekani kimejenga ndani ya kompyuta jiji zima la mwaka 2070, ili mtaalamu aingie, azunguke, aone litakavyohimili joto, kupanda kwa bahari na wingi wa watu. Hawakuishia hapo. Wamewaza mji wa kuelea baharini, mji wa kwenye barafu ya kaskazini, hadi mji wa nje ya dunia hii. Nasi tumeona ndoto za hapa zikisimama kwa zege: barabara ya juu pale TAZARA yenye jina la marehemu mhandisi Patrick Mfugale, na Daraja la Tanzanite lililofunguliwa mwaka 2022. Nikipita hapo najivuna, tena waziwazi.

Lakini mimi nimekuwa fomeni wa barabara na mifereji mpaka nikastaafu, na naishi Kigogo, jirani na Mto Msimbazi. Kila nikioneshwa jiji la kesho namtafuta mtu mmoja, aliyeshika chepe. Hayupo. Hakuna anayezibua, hakuna toroli la tope, hakuna gari lililopaki kando likisubiri kupakiwa. Jiji limechorwa siku ya uzinduzi, likaachwa hapo.

Mtaro ukiziba, jibu la ofisini linajulikana: wananchi wanatupa taka. Ni kweli tunatupa. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Juni 2019, chupa zikabaki, na masika ikianza utaziona zimejipanga mdomoni mwa kalavati. Ila nauliza hivi. Mhandisi wa daraja anapopiga hesabu zake, je, anahesabu malori yanayotii sheria peke yake? Hata kidogo. Anajua wapo watakaozidisha mzigo, anaweka akiba ya nguvu, na hakuna anayemlaumu kwa kuwadhania watu vibaya. Basi kwa nini mhandisi wa mtaro achore kana kwamba mtaa wa Manzese au Tandale hautoi taka wala mchanga? Taka nazo ni mzigo. Zipimwe, ziingie kwenye hesabu kama mvua inavyoingia.

Nitatoa mfano wa mfuniko, kitu kidogo ambacho hakina nafasi kwenye picha za kuzinduliwa. Kwenye mradi mmoja, ambao sitautaja, mchoro ulitaka kila mfuniko wa mtaro uwe na urefu wa mita 1, upana sentimita 60, unene sentimita 15. Zege lenye nondo lina kilo kama 2,400 kwa mita moja ya ujazo. Piga hesabu: mfuniko mmoja unazidi kilo 210. Kuufungua unahitaji wanaume wanne na mitaimbo, na wakishaufungua kuna hatari ukavunja ukuta wa mtaro wenyewe. Baada ya mwaka mama lishe ameweka meza juu yake, wa pili yake kajenga kibanda cha chipsi, na huo mtaro hautaonwa tena na macho ya binadamu mpaka siku maji yatakapotokea uwanjani kwa mtu. Wangeweka katikati ya mifuniko hiyo mizito mwepesi mmoja wa kuingilia kila baada ya mita kadhaa, sentimita 60 kwa 30, unene 10, ungekuwa na kilo 43 hivi. Watu wawili na vishikio vya nondo wanautoa. Gari likipanda utapasuka, ndiyo, kwa hiyo usiwekwe penye njia ya magari. Hiyo ndiyo hesabu ninayotaka kuiona kwenye michoro, na haihitaji kompyuta ya mwaka 2070.

Kuna watakaosema tuweke vyuma vya wavu, vyepesi na maji yanapita. Vitawekwa Jumatatu, Ijumaa viko kwenye mizani ya vyuma chakavu.

Halafu tope. Vijana wakizibua mtaro, tope hurundikwa ukingoni kwa sababu mchoro haukuacha mahali pa gari kusimama. Jua linalikausha, watoto wanalikanyaga, mvua inayofuata inalirudisha ndani. Fedha imelipwa, kazi imekaguliwa, mtaro umejaa uleule mchanga. Na mchanga huo hauondoki wenyewe. Vitabu vya mifereji vinataka maji yaende angalau sentimita 60 kwa sekunde ndipo yausukume. Kwenye tambarare zetu, mtaro ukikosewa mteremko kidogo tu, maji hayafikii mwendo huo, na kila kinachoingia kinatulia chini.

Jambo hilohilo kwa ukubwa wake ndilo linalotutesa Jangwani. Msimbazi unatoka milima ya Pugu na mchanga wake, ukifika bondeni unapoteza kasi, unaubwaga. Mto unapanda juu, nafasi ya maji inapungua. Mvua kubwa ikiangukia siku ya bamvua, bahari imejaa kwa tofauti ya zaidi ya mita tatu kati ya kupwa na kujaa, maji ya mto yanakuta mlango umefungwa pale daraja la Salenda, mto unapoingia baharini. Wazee wa pwani walilijua hili kabla ya mitambo yoyote. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40, na familia nyingi za mabondeni zikapelekwa Mabwepande. Pamoja na hayo karakana ya mabasi ya mwendokasi ikajengwa hapohapo bondeni, mabasi yakaanza kazi Mei 2016, na maji yakawa yanayafuata mle ndani mara kwa mara. Walioichora ni wasomi. Nadhani waliupima udongo, wakaupima na mto, ila sijui kama kuna aliyekaa na watu wa Mchikichini, jirani na Jangwani, kuwauliza maji hufika wapi.

Sasa upo mradi wa Bonde la Msimbazi kwa fedha za mkopo wa Benki ya Dunia: mto kuchimbwa na kupanuliwa, daraja jipya la Jangwani, bustani kubwa ambayo maji yataruhusiwa kutanda. Wazo la bustani nalipenda. Singapore walifanya hivyo Bishan, wakavunja mfereji wa zege wa Mto Kallang, wakauacha mto ujipinde ndani ya bustani iliyofunguliwa 2012. Mvua ikizidi, taa na ving'ora huwaambia watu watoke. Wasiwasi wangu ni mwaka wa kumi baada ya mkandarasi kuondoka. Pugu haitaacha kuleta mchanga kwa sababu mkopo umekwisha. Nani atauchota, kwa mtambo gani, na kwa fungu la nani?

Jiji hili limewahi kupewa mipango kabambe mwaka 1949, 1968 na 1979, yote mikubwa, yote ya wataalamu kutoka nje, na watu wakajenga kwingine. Hata idadi yetu ni ngumu kuibashiri. Mwaka 2018 Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba Dar itapita watu milioni 10 ifikapo 2030. Sensa ya 2022 ikatukuta mkoa mzima tuko milioni 5.38, huku nyumba zikiwa zimemwagikia nje ya mkoa, Kisarawe, Mkuranga na Kibaha. Bashiri za namna hiyo sizitegemei sana. Kazi iliyonipa moyo zaidi ni ile ya Ramani Huria, mradi wa kuchora ramani za mitaa, ilipoanza 2015: wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakiingia vichochoroni pamoja na wakazi, wakichora mtaro kwa mtaro. Mhandisi aliyepita pale akiwa mwanafunzi, siku akichora kalavati atajua linaelekea kwa nani.

Ombi langu kwa Bodi ya Usajili wa Wahandisi, kwa TANROADS wenye barabara kuu na kwa TARURA wenye barabara za mitaani na vijijini ni hili. Kila mchoro wa barabara au mtaro uwe na karatasi ya mwisho inayoonesha namna ya kuuhudumia: mfuniko upi unafunguliwa, una kilo ngapi, gari linasimama wapi, tope linatupwa wapi, kazi inarudiwa kila baada ya miezi mingapi na fedha yake inatoka fungu lipi. Karatasi isiyo na majibu hayo, mchoro usipitishwe. Na nakala moja ibandikwe ofisi ya serikali ya mtaa kabla ya masika, ili mjumbe wetu naye awe na kitu cha kuwaonesha akienda kuwauliza.

Fomeni mstaafu,
Kigogo, Dar es Salaam.