Magaidi tunawajua majina, watoto wetu ni 148 tu

Mhariri,

Kila ifikapo Aprili 2, magazeti hutukumbusha kwamba siku kama hiyo mwaka 2015 Al-Shabaab waliua watu 148 katika chuo kikuu kishiriki cha Garissa. Huwekwa picha ya lango la chuo, na mara nyingi picha ya gaidi. Kesho yake tunarudi kwa siasa.

Mimi ni mjomba wa mmoja wa waliouawa. Alikuwa mwaka wa pili, akisomea ualimu. Jumatano jioni, Aprili 1, alinipigia akiomba nauli ya kuja nyumbani Pasaka. Nikamtania, isije ikawa ni mambo ya Siku ya Wajinga. Akacheka. "Mjomba, na wewe! Tuma kwanza, ukiniona Jumamosi utajua kama ni uongo." Nikamtumia Sh2,000 kwa M-Pesa. Ujumbe wa kuthibitisha ungali kwenye simu yangu ya zamani, ile iliyopasuka kioo.

Alfajiri ya Alhamisi Kuu watu wanne wenye bunduki wakavamia chuo. Waliwaua waliokuwa kwenye maombi ya asubuhi, kisha wakageukia mabweni. Hadi Recce, kikosi maalumu cha polisi, kinawamaliza, jua lilikuwa linazama. Siku nzima nilipiga simu. Asubuhi iliita tu, mchana ikawa mteja hapatikani.

Niliwasili Nairobi Ijumaa. Uwanja wa Nyayo, mochari ya Chiromo, tena Nyayo, kiatu kimoja kikiwa kimeachia soli. Pale uwanjani kulikuwa na chai na mikate, na wazazi wasioigusa. Hakuna aliyetaja idadi. Kila mmoja alikuwa na jina moja mdomoni, akilitaja kwa yeyote aliyevaa koti jeupe.

Idadi yenyewe haikutulia. Mwanzoni serikali ilitangaza 147, na Nairobi watu wakaomboleza kwa hesabu hiyo. Baadaye ikawa 148. Mpaka leo hujiuliza huyo wa mwisho kuhesabiwa ni wa nani, kwa sababu kwao hakuwa wa mwisho. Wanafunzi walikuwa 142, waliosalia ni polisi na wanajeshi.

Mwaka 2019 mahakama iliwafunga watu watatu kwa kusaidia shambulizi hilo, mmoja kifungo cha maisha, wawili miaka 41 kila mmoja. Tuliyasoma majina yao yote matatu kwa ukamilifu. Mmoja alipotoroka gereza la Kamiti mwaka 2021 kisha akanaswa, jina lake na picha vikarudi ukurasa wa kwanza. Muulize Mkenya yeyote akutajie mwanafunzi mmoja tu aliyekufa Garissa.

Ombi langu ni ukurasa mmoja, Aprili 2 ijayo. Jina, kijiji alikotoka, alichokuwa akisomea. Familia isiyotaka la kwao litajwe iheshimiwe. Najua ukurasa ni pesa, lakini matangazo ya pongezi kwa wanasiasa hupata nafasi, hata kurasa za rangi.

La kwetu nitalileta mwenyewe ofisini, nimeliandika kwa herufi kubwa. Jina lake la ukoo watu hulikosea. Hata kwenye jeneza lilikuwa limeandikwa vibaya, na mamake ndiye aliyeomba kalamu akalisahihisha kabla hatujaondoka.

Msomaji,
Webuye