Jamani tuchangieni darubini, watoto wanaangalia ndege kwa zamu

Wazazi, wajomba, mashangazi, na nyie mliosoma hapa zamani mkahamia Kampala mkatusahau, salamu sana. Najua mshasikia klabu ya ndege ya shule yetu inaenda wapi kila Jumamosi, maana mtaa mzima wa Walukuba unacheka, ati watoto wanapelekwa kutazama mavi. Sawa, chekeni, mkimaliza mnisikilize.

Ni kweli tunaenda Kirinya, kwenye mabwawa ya maji machafu ya mji wa Jinja. Mabwawa ya namna hii hayana maajabu: maji yanaingia kwanza kwenye bwawa lenye kina, uchafu mzito unazama, bakteria wanaufanyia kazi huko chini (hapo ndipo penye harufu, sikatai), halafu yanasogea kwenye bwawa ambalo limekuwa kijani kibichi kwa mwani, mwani unatoa oksijeni, jua linaua vijidudu, na hivyo hivyo bwawa hadi bwawa, kazi yote inafanywa na jua na muda. Sasa kwenye ule mwani na lile tope wanazaliana wadudu wadogo wasiohesabika, na ndege akiona tope la namna hiyo kwake ni posho na maharage mezani.

Ndiyo maana wamejaa. Kalooli, yaani korongo marabu, wapo siku zote, wale wazee wenye upara wanaosimama kama wanasubiri mahakama ifunguliwe, na kama umewahi kujiuliza kwa nini miguu yao ni myeupe ni kwamba wanajinyea wenyewe makusudi ili wapoe na joto, watoto walipoambiwa hilo somo likasimama dakika kumi nzima. Kuna yangeyange, bata bukini, kuna mmoja mwenye miguu myekundu mirefu kama vijiti, anatembea majini kama anaogopa kulowa.

Jumamosi iliyopita binti mmoja wa P6, darasa la sita, alikuwa na darubini akapiga kelele, "Mwalimu, anatikisa mkia!" Alikuwa kitwitwi, kadogo, hata gramu 100 hakafiki, kana mstari mweupe juu ya jicho na mgongo wa madoadoa. Nikawaambia hawa wanataga huko kaskazini, Finland, Urusi, baridi ikianza wanashuka mpaka kwetu, ikifika Aprili wengi washarudi. Binti akanitazama. "Na huko kote alikopita, akachagua choo chetu?" Mimi sikuwa na jibu, nilicheka tu. Ila wenzake wengi hawakumuona huyo kitwitwi, na hilo ndilo lililonifanya niandike hapa.

Darubini tunayo moja. Moja kwa watoto 31, na hiyo moja inaona kwa jicho la kushoto peke yake, kioo cha kulia kilipasuka tangu mwaka jana, kamba yake ni kipande cha tyubu ya baiskeli. Kila mtoto anahesabiwa mpaka 20 kisha anampa mwenzake, sasa ndege gani atasubiri watoto 31 wahesabu 20? Zamu ikimfikia wa mwisho kilichobaki kwenye tope ni nyayo.

Jambo la pili ni gambuti. Tunatembea juu ya tuta tu, mtu mzima mbele na mtu mzima nyuma, maji hayaguswi, na sabuni tunabeba. Lakini mwezi uliopita kijana mmoja aliyevaa kandambili aliteleza, mguu ukazama mpaka goti. Tulimuosha mara tatu. Mama yake alikuja shuleni kesho yake na maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, na alikuwa na haki.

Hesabu yenyewe ni hii: darubini 6 kwa shilingi 400,000 kila moja ni 2,400,000, gambuti jozi 20 za 35,000 ni 700,000, na vitabu 2 vya ndege wa Afrika Mashariki 240,000, jumla 3,340,000. Watoto wenyewe washauza mandazi na chapati wakapata 610,000. Inabaki 2,730,000. Mwenye 5,000 alete 5,000, hatuangalii mtu usoni.

Na kwa mnaouliza ndege watamlisha nani, nendeni kwenye kinamasi cha Mabamba mkaone vijana wa mitumbwi wanavyolipwa na wageni waliotoka Ulaya kuja kumtazama korongo-nyangumi mmoja amesimama saa mbili hajatikisika. Uganda yetu hii ina aina za ndege zaidi ya 1,000 na wengi wetu tunamjua yule korongo taji wa kwenye bendera tu, na kalooli kwa sababu anakula takataka zetu.

Tunataka vitu viwe mkononi kabla ya Januari, maana huo ndio mwezi wa hesabu ya dunia ya ndege wa maji, imeanza tangu 1967, na watoto wanataka wajizoeze kuhesabu kama wakubwa wanavyofanya. Namba ya mobaili mani ni ile ile ya mweka hazina iliyo kwenye karatasi ya ada, andika neno NDEGE ili isichanganyike na hela ya chakula. Na mwenye gambuti kuukuu namba 3 hadi 6 azilete hata kama moja imetoboka, fundi wa baiskeli pale getini kasema ataziba bure.