Aikande, usinunue mti wa plastiki

Leipzig,
Jumapili ya kwanza ya Majilio

Mdogo wangu mpendwa Aikande,

Salamu nyingi ziwafikie nyote hapo nyumbani, Mama kwanza, kisha wewe na watoto, na Kaka Elibariki na mama Nsia. Mimi huku ni mzima, namshukuru Mungu. Baridi imeshaingia na kazini tuko wachache, kwa hiyo zamu ni nyingi, lakini si neno, nimeshazoea.

Ujumbe wako wa pesa niliupata. Nikaona nikujibu kwa barua, maana kwenye simu hunipi nafasi ya kumaliza sentensi, na Mama akitusikia tunabishana anaanza kulia. Msomee yote, hata pale ninapokusema wewe.

Laki tano na nusu! Mti wa plastiki wa futi saba, taa za rangi saba, maputo, tepe za dhahabu, mapazia mekundu, na yule Baba Krismasi wa kujazwa upepo wa kusimama uani. Unasema kwa kina Manase wanao mti kama huo, na kwamba watu wa Dar wakipanda kuja nyumbani kwa Krismasi, kuhesabiwa kama tunavyosema, watatucheka. Aikande, ni nani amewahi kuicheka nyumba ya Baba? Wakati wa Baba watu walikuwa wanapita njia ya juu makusudi waone alivyopamba, na hakununua hata kitu kimoja sokoni Mbuyuni. Alisimamisha migomba miwili getini, akafunga masale, yale majani marefu ya mpakani, juu kutoka mgomba huu hadi ule, akakata tawi moja kubwa la msaiprasi akaliweka kwenye ndoo ya mchanga pembeni mwa redio. Basi. Sisi tulipewa pamba ya dukani tukaibandika kidogo kidogo kwenye majani. Mchungaji akija kutubariki alikuwa anasimama getini kwanza, anatazama, ndipo anapiga hodi.

Sasa nikuambie jambo ambalo sijakuambia kwenye simu. Hapa kwenye kituo chetu cha wazee, kila mwaka walikuwa wanatoa stoo makasha ya mapambo ya plastiki, wanayatundika ukumbini, Januari wanayarudisha na vumbi lake. Mwaka jana nikamwambia mkuu wa kituo, nipeni mimi ukumbi wa chakula. Alinitazama, akasema haya. Nikaagiza matawi ya msonobari, machungwa, karafuu, uzi mwekundu na mafungu ya nyasi za ngano. Kitu cha kung'aa sikuweka hata kimoja. Meza nikaziacha mbao tupu, katikati ya kila meza tawi moja na chungwa moja lililochomekwa karafuu kwa mistari. Wazee walipoingia kwa chai ya saa tisa waliacha kuongea. Harufu ile ya karafuu na msonobari ilikuwa imejaa mpaka kwenye korido. Babu mmoja ambaye huwa anataka kurudi chumbani mara tu amalizapo keki, siku hiyo alikaa mpaka chakula cha jioni. Na picha ya ukumbi wangu ndiyo waliyoitia kwenye kadi ya Krismasi iliyotumwa kwa familia zote za wazee. Nyumba zote hizo za Wajerumani zimepokea kazi ya mikono ya binti wa Machame. Mwambie Mama hilo, na umwambie polepole alielewe. Mwaka huu hawakuniuliza hata, wameniletea tu ufunguo wa stoo.

Aliyenifundisha nyota za nyasi ni bibi mmoja pale kituoni, miaka tisini na ushee, mtoto wa mchimba madini wa milima ya Erzgebirge, huko mpakani na Cheki. Alikuwa haongei na mtu. Siku nilipoweka nyasi mezani alizivuta kwake bila kuniomba. Zinalowekwa kwanza kwenye maji ya vuguvugu mpaka zilainike, kisha unapasua kila bua kwa ncha ya kisu, unalifungua, unalipiga pasi likawa utepe bapa wenye rangi ya asali. Unachukua mawili unayaweka msalaba, mengine mawili msalaba, unaupandisha msalaba mmoja juu ya mwingine zitoke ncha nane. Hapo ndipo kazi ilipo: kidole gumba kinabana katikati, mkono wa pili unapitisha uzi, juu ya bua hili, chini ya lile, mpaka uzunguke wote, unavuta, unafunga nyuma. Mwisho unakata ncha kwa mkasi, mshazari au mfano wa ulimi wa nyoka. Vidole vya yule bibi vinatetemeka akishika kikombe, lakini kwenye nyota havikutetemeka. Alinisimulia kwamba kwao wakati wa baridi wachimbaji walishuka mgodini kungali giza na kutoka kukiwa giza tena, siku nzima hawalioni jua, ndiyo maana mpaka leo kila dirisha la huko linawekwa upinde wa mbao wenye mishumaa. Nimeenda kuona kwa macho yangu. Kijiji kizima, kila dirisha na upinde wake, mwanga mweupe tu, hakuna taa inayokonyeza. Tena mbao nyingi hazijapakwa hata rangi.

Hapa saa kumi jioni jua limeshazama, kwa hiyo mwanga wanauheshimu. Hawaumwagi.

Kwangu nimeweka vitu vitatu. Dirishani nina kipande kimoja kirefu cha tawi nimekining'iniza kwa uzi, kina vipande vya machungwa nilivyovikausha kwenye oveni. Moto mdogo, saa nyingi, mlango wa oveni unauacha wazi kidogo mvuke utoke, kila baada ya muda unavigeuza. Asubuhi mwanga unapenya mle, unaona kila mstari wa chungwa. Cha pili ni vijiti vya mcheri nitakavyovikata tarehe 4 Desemba, siku ya Mtakatifu Barbara. Unaviweka kwenye maji, unavibadilishia maji, na vikikubali vinatoa maua sikukuu yenyewe, nje theluji, ndani maua. Mwaka jana vyangu vilikubali! Jirani yangu wa ghorofa ya juu vyake vilikataa, akawa anakuja kuvitazama vyangu.

Cha tatu ni shada la Majilio, na hili ndilo ninalotaka mlifanye hapo nyumbani mwaka huu. Mama atalipenda kwa kuwa ni la Kilutheri hasa. Wichern, mtheolojia wa Hamburg, alikuwa akilea watoto maskini, nao walikuwa wakimsumbua kila siku, Krismasi bado siku ngapi? Mwaka 1839 akachukua gurudumu la mkokoteni, akapanga juu yake mishumaa midogo myekundu ya siku za kazi na minne mikubwa myeupe ya Jumapili, kila siku wakawasha mmoja zaidi. Leo watu wanaweka minne tu kwenye duara la majani. Aikande, darini kuna ringi ya baiskeli ya Baba. Ishushe, ifute kutu, izungushie matawi ya msaiprasi na masale, funga kwa kamba ya mgomba, weka mishumaa minne myeupe kwenye vikopo. Kila Jumapili mtoto mmoja awashe, kwa zamu, Nsia aanze kwa kuwa ndiye mkubwa. Na umeme ukikatika mkesha wa Krismasi, kama unavyokatika kila mwaka, hizo taa za rangi saba zingekuwa zimezimika wakati sisi tunaimba.

Na zile nyota, usitafute ngano. Chukua magamba ya mgomba yaliyokauka, yale ya ndani malaini yenye rangi ya kahawia na michirizi. Yanapigika pasi vizuri kuliko nyasi, nadhani. Vibuyu vya Mama vya zamani vipange mezani vitatu, visizidi. Kahawa iliyochelewa kuiva upande wa mtoni, kata matawi mawili matatu yenye buni nyekundu uyaweke kwenye chupa. Mapambo yakizidi hakuna linaloonekana. Hilo nimelijua hapa kwa kufanya.

Usije ukaniambia dada anatupunja halafu anajificha nyuma ya majani. Nimetuma laki tatu jana. Laki moja na ishirini ni ya rangi nyeupe ya ukuta wa mbele na fundi, maana ukuta ukiwa msafi ndio pambo la kwanza. Elfu thelathini mishumaa na uzi. Laki na nusu ni ya Mama mwenyewe, iende mkononi mwake, wala asiulizwe amefanyia nini. Mbuzi nitamlipia peke yake, Kaka aniambie bei.

Sasa nije kwenye lililoniuma. Ile picha uliyonitumia ya watoto na sare mpya, nyuma yao naona mpaka wa kwa Baba mdogo Eliamani umekuwa mweupe. Masale hayapo. Nimeikuza picha mpaka ikapasuka, nikaona tofali zimepangwa. Hamkuniambia. Nimeongea na nyinyi tangu Septemba, mmenieleza habari za ng'ombe, za kipaimara, za paa la kanisa, hilo mkalinyamazia. Imebidi nimpigie mama Nsia ndipo akaniambia kwamba Kaka ameyang'oa ili ajenge ukuta, na kwamba Baba mdogo amesema mpaka umesogezwa, na kwamba tangu siku hiyo hawasalimiani hata kanisani.

Kaka Elibariki, najua hii utasomewa. Wewe ni mkubwa wangu na sikukosei heshima. Lakini masale yale aliyapanda babu, na babu yuleyule ndiye aliyemgawia Baba kihamba, shamba hili la ukoo, na kumgawia Baba mdogo. Waliishi na mstari huo maisha yao yote bila ukuta. Ukuta unaeleza kwamba hapa pana ugomvi, kila anayepita anausoma. Tena unataka watu wa Dar wafike wakute mti wa plastiki ndani na nje ndugu hawasalimiani? Tutakuwa tumempambia nani?

Ninaishi katika mji uleule waliotoka wamisionari waliofika Nkwarungo, hapo kwetu Machame, mwaka 1893. Jengo la misheni lipo, napita karibu nalo nikienda mjini. Nimekaa na Wajerumani waliosoma habari za Wachagga, wananiuliza juu ya isale, lile jani la masale linalopelekwa kuomba msamaha, wanataka kujua kama ni kweli mtu akiletewa isale hawezi kukataa kusamehe. Ninawajibu kwa kifua mbele kwamba ni kweli, nyumbani kwetu ndivyo ilivyo. Nataka iendelee kuwa kweli, Kaka. Upande wa Baba mdogo mama Nsia anasema yamebaki machache karibu na mifereji. Nenda ukayaombe palepale. Chukua isale upeleke kwa mikono miwili kabla ya Majilio ya nne, Mama awepo. Halafu yale mashina mtakayopewa myachomeke mpakani mvua za vuli zikiwa bado zipo, yanashika upesi. Tofali uzijengee banda la ng'ombe, nalo linahitaji.

Na ya kufunga getini yatoke kwa Baba mdogo, siyo kwingine. Watoto wake ndio wafunge pamoja na wa kwetu.

Tarehe 24 nina zamu ya usiku. Nimeichukua mwenyewe kwa kuwa wenzangu wana watoto. Usiku ule huku barabara zinakuwa tupu kabisa, tramu zinapita hazina watu, kila mtu yuko kwao. Nitawasha simu saa mnayotoka kanisani, msiniweke mezani mkanisahau kama mwaka jana, mtu mmoja anishike anizungushe nione geti, nione shada, nione Mama amevaa nini. Nataka kusikia kwaya ya akina mama, hata kama mtandao utakatakata. Na mtori, Aikande, nionyeshe sufuria la mtori likiwa jikoni. Huku ndizi za kupika zipo kwenye duka la Waghana karibu na stesheni, lakini nyama haiwi ile.

Kuna bahasha nimempa binti wa kwa mama Anaeli anayesafiri tarehe 10. Ndani kuna nyota sita za nyasi, nilizozifunga na yule bibi, kila mtoto moja, na mbili ni za watoto wa Baba mdogo. Usizibane kwenye Biblia, zitavunjika ncha. Kuna pia soksi za Mama za sufu na dawa yake ya kupaka magotini, maelekezo nimeyaandika kwa Kiswahili kwenye boksi. Binti atashukia uwanja wa ndege wa KIA usiku, kesho yake atakuwa kwao, umfuate mwenyewe.

Kaka anijibu kuhusu bei ya mbuzi na kuhusu lile lingine. Rangi ya ukuta nunueni ile ya maji, siyo ya mafuta.

Nawapenda nyote.

Dada yako,
Ndeshi