Marekani hakuna RITA, cheti cha ndoa kiko kaunti

Mhariri, salaam.

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua, maana hili jambo linatutesa wengi huku na ndugu zetu huko nyumbani Tanzania. Ni kuhusu vyeti vya ndoa zilizofungwa Marekani. Mtu kafiwa na mume anafuatilia mirathi, au anataka kubadili jina kwenye pasipoti, anapeleka cheti ofisini anaambiwa hiki hapana, hiki cha kaunti tu, kalete cha serikali kuu ya Marekani. Jamani, hicho cha serikali kuu hakipo! Washington hawasajili ndoa ya mtu. Sisi nyumbani tumezoea RITA, wakala wa serikali unaosajili ndoa, huku hakuna kitu kama hicho, ndoa ni mambo ya jimbo, na majimbo mengi kazi yenyewe yameziachia kaunti, na kaunti ziko zaidi ya 3,000 nchi nzima. Texas ninapoishi mimi ziko 254, kila moja na karani wake na daftari lake.

Kuna mama mmoja hapa kwetu, mume kafariki, kiwanja kiko nyumbani, wakwe wako nyumbani, na ofisi moja huko inamzungusha muda mrefu sasa kwa sababu hiyohiyo. Karatasi anayo. Nimeishika mwenyewe, ukipitisha kidole unausikia muhuri ulivyobonyezwa, jina la marehemu lipo, tarehe ipo, saini ya karani ipo, bado anaambiwa akalete nyingine ambayo hakuna ofisi inayoitoa. Inauma sana, maana huyu ni mjane, na kila anavyocheleweshwa ndo maneno yanaongezeka huko kwa wakwe kwamba pengine hata hakuolewa.

Wahusika naombeni mnielewe, karani wa kaunti ndo mwenye daftari, na nakala yenye muhuri wake ndo cheti chenyewe. Jimbo la Texas lina orodha ya ndoa kuanzia 1966, lakini ukiwaandikia wanakupa barua tu ya kusema kweli tumeona kumbukumbu ya hawa watu, nakala ya cheti hawatoi, wanakurudisha kaunti.

Na sisi tulioko huku tuna mzigo wetu, kwa sababu wengi tunafunga ndoa bila kujua karatasi inaenda wapi. Texas iko hivi, mnaenda kwa karani wa kaunti yoyote, sio lazima mnayoishi, mnachukua leseni ya ndoa, mnasubiri masaa 72 (kuna wanaosamehewa, kama wanajeshi), halafu mna siku 90 za kuitumia popote ndani ya jimbo. Mchungaji au imamu akishafungisha anajaza sehemu yake na leseni inatakiwa irudi kwa karani aliyeitoa ndani ya siku 30. Kwa hiyo kumbukumbu inakaa kaunti iliyotoa leseni, sio kaunti lilipo kanisa. Hapa Houston ndo watu wanapochanganyikiwa, walichukua leseni Richmond kwa sababu walikuwa wanaishi upande wa Fort Bend, ndoa ikafungwa Houston mjini ambako ni kaunti ya Harris, miaka imepita wanatafuta Harris hakuna kitu, wanaanza kuogopa ndoa yao haikusajiliwa. Imesajiliwa, wanatafuta mahali isipo.

Balaa ni pale leseni isiporudishwa. Sherehe imefanyika, pilau limeliwa, mchungaji kaweka karatasi kwenye Biblia yake akasahau, au imamu kaondoka mji. Kaunti itakuonyesha kwamba leseni ilitolewa basi, ndoa yenyewe haimo kwenye daftari. Wiki kadhaa baada ya harusi piga simu kwa karani uulize kama imeingia, na mchungaji bado anapatikana. Ikishaandikwa wanairudisha kwa posta kwenye anwani mliyoiandika siku ile, sasa sisi tunavyohamahama apatimenti kila mkataba ukiisha, bahasha inakuta mlishaondoka. Ndo maana nyumba nyingi kinachoonekana ni kile cheti kizuri cha maua walichopewa kanisani, kimewekwa fremu ukutani. Kile ni ukumbusho, usikibebe kwenda nacho mahakamani. Na waliofunga nikaha msikitini bila kuchukua leseni, kwenye daftari la ndoa la kaunti hawataonekana hata watafute vipi, bora wamuulize mwanasheria mapema kabla halijatokea la kutokea.

Kutafuta sio kazi ngumu ukishajua kaunti. Nyingi zina sehemu ya kutafuta mtandaoni bure kwa jina na mwaka. Kinachotukwamisha ni majina yetu. Mtu nyumbani anajulikana kwa jina lake na la baba, kwenye pasipoti jina la babu ndo limekaa kama jina la ukoo, karani huku kafuata pasipoti, sasa wewe unatafuta kwa jina la baba hupati. Au Ally imeandikwa Ali, Mohamed imeandikwa Muhammad, Abdallah imekuwa Abdullah. Jaribu zote, na tafuta kwa bibi harusi pia, jina lake la kabla ya kuolewa, mara nyingi upande wa mwanamke ndo unafungua njia.

Ukiomba kwa posta jaza fomu ya kaunti hiyo, weka majina ya wote wawili, tarehe au hata mwaka wa kukadiria, kopi ya kitambulisho, mani oda ya malipo na bahasha yenye stempu na anwani yako, ila piga simu kwanza maana kila kaunti ina bei yake na masharti yake. Sema wazi unataka nakala iliyothibitishwa, kopi ya kawaida ni ya bei rahisi lakini haina muhuri. Texas hizi kumbukumbu ziko wazi, kwa hiyo aliyeko Tanzania anaweza kumtuma ndugu yake wa huku akamchukulia. Na muwe macho na yale makampuni yanayotokea juu kabisa ukitafuta Google, yanajifanya kama serikali, yanakutoza hela nyingi halafu yanatuma fomu ileile ambayo ungetuma mwenyewe.

Majimbo mengine yana utaratibu wao. Ohio na Georgia vyeti viko kwenye mahakama ya mirathi ya kaunti, Maryland kwa karani wa mahakama, Massachusetts na Connecticut ni ofisi ya mji na sio kaunti kabisa. California kuna aina ya ndoa ya siri ambayo wanandoa wenyewe tu ndo wanaopewa nakala, ndugu hata aombe vipi hapewi bila amri ya mahakama. Shirika la afya la Marekani, CDC, lina orodha mtandaoni ya kila jimbo na mahali pa kuandika, bure, anzeni hapo.

Halafu kuna kuthibitisha cheti kwa ajili ya nje. Karani akishatoa nakala, ofisi ya jimbo inathibitisha kwamba saini ya karani ni ya kweli, Texas ni kule Austin. Wenzetu wa Burundi tangu 2015 na Rwanda tangu 2024 wako kwenye mkataba wa Hague wa kutambua hati za nchi nyingine, kwao ile apostile, yaani uthibitisho huo wa saini kutoka jimbo, inatosha. Sisi Watanzania tuulize ubalozi wetu Washington kabla ya kutuma chochote, maana ukikosea mpangilio wa mihuri unaanza upya, na posta ya kwenda na kurudi sio hela ndogo.

Ombi langu Mhariri ni kwa ofisi za nyumbani zinazopokea hizi karatasi, na kwa ubalozi. Toeni maelekezo ya maandishi, kwa Kiswahili, ukurasa mmoja tu unatosha, yabandikwe ukutani na yawekwe mtandaoni, yaseme kwamba cheti cha kaunti ya Marekani kinapokelewa, kiwe na mihuri ya nani, na nakala isiwe ya zamani kiasi gani. Afisa wa dirishani ayasome hayohayo anayosoma mjane. Mkisema mnachotaka tutakileta, kaunti zetu huku zinajibu barua.

Msomaji wenu,
Houston, Texas