Shoga, usiirudishe tiketi

Shoga yangu Zuhura,

Assalam aleikum. Huku hatujambo, mama anakusalimu, mengine utayakuta. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza wote, hata pale ulipokuwa ukigombana na muuza samaki. Kwa hiyo Nassor kakwambia GPS zinavurugwa huko Ghuba, na sasa harusi ya Tatu huji? Huyo Nassor kaanza lini kujua mambo ya ndege?

Sikufichi: kuvurugwa zinavurugwa. Tangu 2023 marubani wanaopita karibu na Iraq na mashariki ya Mediterania wanaripoti mawimbi ya uongo. Ndege inajiona iko pahali ambapo haipo, saa inaruka, na kengele ya kuonya kuwa ardhi iko karibu inapiga kelele "vuta juu" huku chini kuna kilomita kumi za hewa tupu. Lakini sisi marubani hatutegemei GPS peke yake. Ndani mna mitambo ya IRS ya kujua ndege iko wapi, miwili au mitatu, isiyosikiliza kitu cha nje. Inapima kila mwendo na kila mgeuko tangu ndege ikiwa imeegeshwa, kama mtu anayetembea gizani nyumbani kwake akihesabu hatua. Inakosea kidogo kidogo, maili moja mbili kwa saa, nasi tunailinganisha na vituo vya redio vya ardhini. Ikishindikana kabisa, tunamwomba muongoza ndege mwenye rada atupe uelekeo. Wala si aibu.

Mimi kinachoninyima usingizi ni kingine. Adam Air 574 unaikumbuka? Siku ya mwaka mpya 2007, Indonesia, Boeing 737 ikitoka Surabaya kwenda Manado, watu 102. IRS ilikuwa ikisumbua, na kasoro hiyo ilishalalamikiwa mara nyingi kabla. Marubani wote wawili wakaiinamia, dakika zisizopungua 13. Kisha wakageuza swichi moja, otopailoti, ule mtambo unaoiendesha ndege wenyewe, ikaachia. Ndege ikaanza kulalia kulia, taratibu, na wao bado wamo kwenye IRS yao. Walipoinua macho ilishapinduka kupita ubavu, pua inatazama bahari. Injini zinanguruma! Yaani kilichoharibika ni cha kuwaonyesha njia tu, na njia wangeweza kumuulizia muongoza ndege. Hata sijui… basi.

Ndiyo maana kwenye simuleta, ile ndege ya mazoezi isiyoruka, mwalimu akituzimia skrini hatazami vidole vyetu. Anatazama nani ameshika ndege. Mmoja anasema kwa sauti, "Ndege ninayo mimi," na kuanzia hapo macho yake hayatoki kwenye vipimo vya upeo, kasi na kimo. Mwenzake ndiye anayefungua kitabu cha dharura. Nahodha wangu mmoja, mkali huyo, ukinyoosha shingo tu kuchungulia kazi ya mwenzio anakupiga kofi la mkono.

Na ndege yenu kutoka Muscat inashuka kusini juu ya bahari, Iraq haiisogelei. Mwambie Nassor atazame ramani.

Haya, nijibu: tiketi umeirudisha au bado? Unakuja moja kwa moja Unguja au unapitia Dar? Sare umeshashona, au Bi Mwanahija akupunguze kwenye hesabu? Na Nassor mwenyewe anakuja, au ndiyo keshajitisha? Halwa yangu ya zafarani umenunua? Usiniletee ile ya mwaka juzi, iligoma hata kukatika kwa kisu.

Jibu kabla ya Ijumaa, fundi anataka vipimo vyako.

Shoga yako,
Maryam