Mwanangu, anza na maji

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka Tanga. Sisi huku wazima, baba yako anakusalimu. Mvua za vuli zimeanza kudondoka, kwa hiyo kitalu changu cha miche kina pilikapilika na viriba vimeniishia mara mbili. Nimefurahi kusikia umepata chumba na kwamba vipindi vya studio vya usanifu mandhari vimeanza pale Chuo Kikuu Ardhi.

Baba yako mdogo alipita Jumapili akauliza kama ulifaulu vile ili ukasomee kupanda maua. Nilimjibu pale pale. Baadaye nikaona jibu lile unalihitaji wewe kuliko yeye, maana swali hilo utaulizwa na wengi, na wengine watakuwa wateja wako.

Kupanda maua ni kazi yangu, na imewalea ninyi nyote. Msanifu mandhari anaanza mbali zaidi. Anaamua maji ya mvua yaende wapi yakitoka kwenye paa, watu wapite wapi, kivuli kiangukie wapi saa nane mchana, gari lisimame wapi, mtoto akimbie wapi. Mmea unafuata baada ya hayo yote kukaa sawa. Mimi naona kila siku matokeo ya watu wasioitwa mapema. Mtu anamaliza nyumba, pesa nayo imekwisha, ndipo anakuja kununua miashoki na ukoka. Ukienda kwake unakuta katapila lilishakwangua udongo wote wa juu ukabebwa na lori, na uwanja umebaki kifusi na mabaki ya saruji. Panapobaki anataka vitofali vya pevingi kutoka ukuta hadi ukuta. Kiangazi kikifika miche inakufa, masika yakifika maji yake yote yanaingia kwa jirani. Angekuwa na mtu kama wewe siku msingi unachimbwa, ungemwambia arundike udongo ule pembeni, aurudishe mwishoni. Gharama yake ni ndogo sana.

Kwa hiyo ombi langu kubwa kwako ni hili: kabla hujapenda mchoro, yajue maji. Kontua, ile mistari ya ramani inayoonyesha mwinuko wa ardhi, uzisome mpaka uone kilima kwenye karatasi. Mteremko wa asilimia 2 maana yake ni kwamba kwa kila mita moja sakafu inashuka sentimita 2. Jicho halioni, lakini maji yanaona. Omba mtu wa upimaji akufundishe kutumia leveli, kile chombo cha kupimia mwinuko wa ardhi, kwa mikono yako, hata kama haimo kwenye mtihani.

Uko Dar es Salaam, na Dar ina darasa ambalo hakuna chuo kinachoweza kulijenga. Mto Msimbazi unatoka milima ya Pugu, unakatiza mji, unaingia baharini karibu na Daraja la Selander, penye mikoko. Desemba 2011 mafuriko yaliua watu zaidi ya 40 jijini, na familia nyingi za bondeni zikahamishiwa Mabwepande. Tangu hapo Jangwani imefurika tena na tena, barabara ikifungwa na mabasi ya mwendokasi yakikwama. Sasa kuna mradi wa kuliendeleza bonde, kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 200. Ndani yake mna daraja lililoinuliwa zaidi pale Jangwani, kupanua njia ya mto, na bustani ya mji ambayo mto ukijaa inafurika yenyewe, bila kuua mtu. Nenda ukalitazame bonde hilo wakati wa jua, uende tena siku chache baada ya mvua, maji yakishashuka. Angalia taka zimenasa wapi, mchanga umelala wapi. Ongea na wanaokaa karibu, wanajua maji yalifika kimo gani kuliko ramani yoyote. Na usisahau kuwa kila mstari unaopitishwa kwenye bonde kama lile unapita juu ya nyumba ya mtu. Mchoro usiosema watu hao wataenda wapi haujakamilika, hata ukipewa alama za juu.

Kuhusu mimea, mwalimu ninayemheshimu hakusomea hata fani yako. René Haller alikuwa mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, aliyefanya kazi na kiwanda cha saruji cha Bamburi, Mombasa. Kiwanda kilikuwa kimechimba mawe ya matumbawe tangu miaka ya 1950. Mwaka 1971, alipoanza kupanda miti kule machimboni, palikuwa jangwa jeupe: udongo hakuna, jua linachoma, maji ya chini yana chumvi. Alijaribu aina 26 za miti na zikasalimika tatu tu, mmojawapo mvinje. Mvinje unaishi na vijidudu kwenye mizizi yake vinavyoupatia naitrojeni kutoka hewani, ndiyo maana ulistahimili pale. Ila majani yake yalirundikana chini bila kuoza. Haller akaleta jongoo. Wakayatafuna yale majani, na kinyesi chao kikawa mwanzo wa udongo. Kisha zikaja nyasi, miti mingine, mabwawa ya samaki, ndege. Leo ni Haller Park, kuna twiga na viboko. Sisi wa Tanga tunakaa juu ya matumbawe yale yale, kwa hiyo habari hii inanigusa sana. Haller aliuliza mahali pale panakubali nini, akaanza na hicho. Ukifika kwenye eneo lako la kwanza, kabla ya kuandika orodha ya mimea, tazama nini kimejiotea chenyewe kandokando. Mkwaju, mkoche na mbuyu zimekwishazoea ukame wa pwani yetu. Ukoka unaoomba maji kila jioni katika mji wenye mgawo wa maji ni mzigo unaomtwisha mwenye nyumba.

Ukipata nafasi ya kuvuka kwenda Unguja, kaa Forodhani jioni nzima. Bustani ile ilikarabatiwa na taasisi ya utamaduni ya Aga Khan, ikafunguliwa upya 2009. Wauza vyakula wa jioni hawakufukuzwa, walitengewa mahali pao. Bila wao pangekuwa pazuri na patupu.

Sasa ajira, maana najua inakukosesha usingizi. Tangazo la kazi lenye jina la fani yako utaliona mara chache. Wengi wataanzia ofisi za wasanifu majengo, kwa wakandarasi, hotelini au halmashauri. Popote utakapofanya mafunzo kwa vitendo, omba upelekwe saiti, usikubali kubaki kwenye AutoCAD, ile programu ya kuchorea, muda wote. Ukimaliza, usichelewe kuulizia utaratibu wa usajili kwenye Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi. Wakenya wana shahada hii pale chuo kikuu cha JKUAT, Juja, na chama chao cha wasanifu, AAK, kina tawi la wasanifu mandhari. Wafuatilie, fahamiana na wanafunzi wenzako wa kule. Kuna pia shirikisho la dunia la wasanifu mandhari, IFLA, lililoanzishwa 1948, lenye kanda ya Afrika. Waulize walimu wako wanafunzi wanashirikije.

Watu watakuambia, "Nichoree tu kidogo." Usichore bure, hata kwa ndugu. Nauli na karatasi angalau walipe, na makubaliano uyaandike. Na ukipata sauti kwenye ofisi, hata ndogo, sema mapema kwamba fani yako iitwe mwanzoni mwa mradi. Naamini hapo ndipo kizazi chenu kitabadilisha kitu, kuliko kwenye mchoro wowote mzuri.

Mwisho, kompyuta. Bumu likitoka usilimalize kwa hiyo, lipia chakula kwanza. Nimeuza miche ya shule moja hapa, baba yako ataongezea, na mwisho wa mwezi tutakutumia. Tafuta iliyotumika lakini yenye nguvu ya kuendesha programu za michoro na ramani, SketchUp na QGIS, na uende dukani na mtu wa darasa lenu anayezijua. Ukishapata bei mbili tatu, nipigie.

Mama yako